Kilomita ya Kumi na Moja

Sampuli ya tisa imepanda sitahani
ndani ya bomba lililonishinda kimo.
Nakata kwa kisu. Tope la kijivu,
laini kama uji uliopungukiwa unga,
linanuka yai viza.

Mhandisi Shekiondo anatazama saa.
"Mwantumu, tia saini. Mita moja yatosha.
Jembe liko Mwambani, tunalilipia kwa siku."

Baba yangu alichimba makaburi Sahare.
Kabla ya sururu alionja udongo kwa ncha ya ulimi.
"Mchanga wa juu ni mpangaji," alisema,
"leo yupo, kesho kahama. Weka viunza vinene.
Na ukikuta tumbawe, usilitukane kwa nguvu:
tafuta ufa."

Lakini baba alizika waliokwisha poa.
Mimi nazika chenye homa,
waya mnene kama paja
unaobeba taa za kisiwa kizima,
na tope hili ni blanketi:
akigubikwa nalo tu, mgonjwa ataungua;
akiachwa juujuu, nanga ya meli ya saruji
itamburura kwa ukosi wa shati.

Nachovya kidole. Naweka ulimini.
Chumvi. Halafu punje, chenga za kome.
Chini ya tope kuna mchanga mkongwe,
umeshikana, unaopitisha joto,
shubiri nne tu zaidi.

"Mita mbili," naandika. "Hapa.
Na kila mwaka turudi tupime."
Shekiondo anaguna, anatafuta mtandao wa simu.

La baba
sijaenda kulitazama tangu masika.