Kizibo Namba Nane

Tulikuwa wanane kwenye banda langu la kushonea,
Pasua, Moshi, Jumatano ya masika,
bati likipigwa na mvua hadi tukasemeshana kwa vidole.
Vizibo vinane vya soda ndani ya kofia ya Kiwelu,
kila kimoja kina namba kwa rangi ya kucha.
Nikachomoa nane.
Wakacheka. "Mkia huo, Mama Anaeli. Ushikilie usikudondoshe."

Sikujibu. Kuchagua kwetu ni mwendo wa nyoka:
anayefunga duru ya kwanza ndiye anayefungua ya pili.
Nane si mkia. Nane ni pale nyoka anapojipinda,
na aliyekaa kwenye pindo anang'ata mara mbili
wenzake hawajameza mate.

Mashindano yenyewe hayamo kwenye runinga.
Ni Kombe la Mbuzi, timu kumi na mbili,
uwanja wa tope nyuma ya ghala la mahindi.
Wachezaji tunawajua kwa madeni:
huyu ananiuzia mkaa,
yule aliazima pasi yangu tangu Pasaka.
Bao, pointi nne.
Pasi ya bao, tatu (ile ya mkaa haihesabiwi).
Kipa asiyefungwa, tano. Kadi ya njano, toa moja.
Daftari nashika mimi.

Shirima, mwenye kizibo cha kwanza, hakusubiri nimalize kusoma:
"Dizeli!"
Mabao tisa mwaka jana, nani asiyejua?
Lakini Desemba nilimpanulia Dizeli suruali
ya harusi ya kaka yake,
inchi mbili na nusu kiunoni.
Nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa.

Wote wakakimbilia wafungaji, nzi kwenye mbege.
Wa pili, wa tatu, hata Ndetaramo anayejifanya mtaratibu.
Mimi sina takwimu. Nina futi.
Zamu yangu ilipofika nikamtaja Lyatuu, beki wa kushoto.
"Beki? Duru ya kwanza?"
Beki, ndiyo. Kona zote anapiga yeye, na penalti,
na siku nilipompima bukta
futi ilizunguka paja lake ikarudi na habari.
Na papo hapo, pindo la nyoka, wa pili wangu:
Mamseri, yule mfupi wa kati asiyependwa na mtu,
ambaye jezi yake huja kwangu imechanika mgongoni kila wiki.
Hakuna anayevuta shati la mtu asiyeudhi.

Makipa niliwaacha. Makipa ni kama vifungo,
vipo siku zote chini ya droo.

Duru zikasonga. Chai ikaisha, Kiwelu akalala, tukamwamsha.
Kwenye jalada la ndani nilikuwa nimeandika zamani,
kwa kalamu nyekundu: Moyo usishike kalamu.
Jina la mwanangu lilikuwa bado halijatajwa.
Duru ya sita. Ya nane. Ya kumi.
Goti lake lile la mwaka juzi, kila mtu analikumbuka.

Duru ya kumi na moja nyoka akaja kufia kwangu,
uchaguzi wa themanini na nane, wa mwisho wa wote.
Mvua nayo ikakatika, kama imeambiwa.
Mwamba ngoma, walijua, ngozi huivutia kwake;
wakaniangalia nivute.
Na mimi sikuwa na kipa.

Nikaandika: Mchau, kipa.
Hakuna aliyecheka. Shirima akatafuta mwavuli
ambao hakuja nao.

Usiku Anaeli alikula ndizi zake kimya,
akafuta sahani kwa kidole, ndipo akauliza:
"Mama, nilichukuliwa wa ngapi?"

"Lete hilo goti," nikasema. "Nilifunge upya."

Akaninyooshea mguu juu ya kigoda.
Nikavua futi shingoni, nikazungusha,
nikasogeza taa, nikazungusha tena.
Uvimbe umepungua nusu inchi.

Hilo sikuliandika kwenye daftari.