Mwamba Ngoma

Shiraz amenitandazia tatu juu ya kaunta,
dukani kwake, nyuma ya stendi ya Moshi,
kati ya nyuzi za gitaa na betri za redio.

Ya kwanza inang'aa kama kioo cha dirisha.
Naigonga kwa kucha, inajibu upesi mno,
kama mtoto anayejua jibu kabla ya swali.
Ya pili ina matabaka mawili, mafuta katikati,
nene, ya wapigaji wenye hasira.
Ombeni wa besi ananinong'oneza: chukua hiyo, Haika,
harusi za siku hizi zinataka kishindo.
Ya tatu nyeupe, nyembamba, imepakwa kitu
kinachokwaruza kidole kama ulimi wa ndama.

Naomba niigonge tena.
Shiraz anapandisha miwani. Dada, hiyo haivumi.
Najua haivumi. Ndiyo maana.

Nikalipa seti nzima. Pochi ikabaki na elfu mbili
na risiti.

Dramu zenyewe zipo nyumbani, Kiborloni,
nne, zimenizidi umri,
rangi ya damu ya mzee iliyobabuka, ringi zina kutu,
na ndani ya ile kubwa mwandiko wa baba, kwa penseli:
Temba, shilingi arobaini.
Sijui nani alimdai nani.

Mchana alikuwa karani wa reli.
Jumamosi usiku alikuwa mtu mwingine.
Mwanzoni aliwamba ngozi ya ndama, ya machinjioni,
na masika yakiingia ngozi ililegea kama mdomo wa mlevi;
basi aliweka jiko la mkaa nyuma ya jukwaa
akawa anapasha dramu kama anayepasha kiporo,
huku mpiga tarumbeta akirefusha wimbo kumsubiri.
Ilipokuja plastiki, jiko likarudi jikoni.
Sauti haikubadilika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Maana ninayoitafuta haina jina dukani.
Ni gunia la kahawa linaloshushwa ghalani:
du,
halafu vumbi.

Usiku nafungua, nafuta, naweka mpya.
Naibonyeza katikati kwa kiganja hadi gundi inalia, ta, ta.
Nakaza bolti, kisha ile inayoitazama upande wa pili,
nusu mzunguko, robo, nasikiliza,
narudisha robo.
Baridi ya Julai inapita chini ya mlango,
Kibo haujaonekana siku ya tatu leo.
Tomu kubwa imekubali. Ile ndogo pia, kwa kununa.
Besi nimeifunga ukanda wa blanketi kifuani, inashusha gunia vizuri.
Lakini snea!
Snea inapiga kelele kama mhubiri wa stendi.
Nalegeza. Inakoroma.
Nakaza. Inahubiri.

Mama yuko jikoni anamenya ndizi za mtori wa kesho.
Hageuki.
Mbona hujaweka pochi?

Pochi gani?

Ya baba yako. Aliiweka pale juu, pembeni, kila Jumamosi.
Wiki ya mshahara ilikuwa nene, snea ikapiga kama mtu mwenye shamba.
Kufika tarehe ishirini na tano ililia kama kopo,
na ukumbi mzima ukajua hali ya nyumbani kwangu.

Akacheka peke yake, kisu hewani.
Akaenda chumbani, akarudi nayo:
ngozi nyeusi imepinda, ndani tiketi ya treni ya Tanga
na picha yangu ya darasa la kwanza, bila meno.

Naiweka. Napiga.
Karibu. Karibu sana. Lakini ni yake,
inafika kabla yangu, inakaa kwenye kiti changu.
Mama anafuta mikono. Mwamba ngoma, anasema,
na hamalizii. Hakuna haja ya kumalizia.

Namrudishia pochi.
Nazungusha bolti ya upande wangu, robo, kuja kwangu.
Naweka ya kwangu juu, yenye elfu mbili na risiti ya Shiraz.

Inalia kidogo kuliko ninavyotaka.
Ni tarehe ishirini na sita.