Njia ya Kurudi

Kesho saa tatu asubuhi ni ukaguzi kule Võru,
na Moskvitch imechanganyikiwa.
Ukikanyaga breki, taa ya nyuma ya kushoto hufifia
kama mtu aliyeulizwa deni mbele ya wakwe.
Ukiwasha indiketa, taa ya namba ndiyo inayopepesa.
Ukizima vyote, kimya. Ukiwasha tena, vurugu ileile.

Shangazi Helmi hasemi. Anavua glovu kwa meno.
Novemba: saa kumi bado, na nje giza limeshafunga.
Theluji ya kwanza imejaribu mara mbili ikashindwa.
Banda linanuka viazi, petroli na sufu iliyolowa.
Ananipa tochi. Nina miaka arobaini na mitatu,
nina binti chuoni na nywele zinazonihama,
na bado ndani ya banda hili cheo changu ni tochi.
"Mulika mikono," anasema, "si uso.
Uso wangu hauna hitilafu."

Miaka thelathini alihudumia mashine za kukamulia
katika shamba la ushirika. Ng'ombe mia mbili
hawajui sikukuu, wala kukatika kwa umeme.
Ndiyo maana haraka yangu haimgusi.
Mimi nishatamka: balbu. Nishatamka: fyuzi.
Nishapendekeza tuagize nyaya zote mpya kutoka Riga.
Anachomoa fyuzi moja moja, anazisogeza kwenye mwanga, anazirudisha.
Balbu anaitikisa sikioni, kama yai.
"Nzima. Na hii nzima.
Wewe unazika watu wanaopumua."

Kisha kipande cha waya, vibanio vyenye meno ncha zote mbili.
Kimoja anakibana kwenye kikombe cha taa,
cha pili anakigusisha bawaba ya buti, penye chuma kitupu,
na taa ya kushoto inafumbuka,
nyekundu kamili, isiyo na haya,
hadi kwenye magunia, hadi kwenye baiskeli ya marehemu mumewe.
Anauondoa waya. Inafifia.
Anaurudisha. Inafumbuka.
"Kwenda unakwenda," anasema. "Umeme haukosi kwenda.
Unakosa njia ya kurudi.
Ukifungiwa mlango wa nyumbani unakatiza uani kwa jirani:
indiketa, taa ya namba, popote penye upenyo,
unabisha hodi kila nyumba,
na kila nyumba inalala nusu njaa."

Anafunua zulia la buti. Anapapasa.
Hapo nilijua, kabla kidole chake hakijafika.

Julai. Siku tatu za jua lisilotaka kulala.
Mimi, kifua wazi, na kopo la rangi ya krimu,
nikapaka buti lote ndani, nikarudia mara mbili,
nikajisifu kwa zile pembe.
Nikaipita juu kwa juu bolti inayoshika waya wa ardhi.
Hapana. Niseme kweli: niliifungua,
nikapaka chini yake,
nikaikaza tena juu ya rangi,
kama mtu anayetia stempu bahasha isiyo na barua.

Sikusema kitu. Tochi ilisema: ilitikisika.
Naye hakuinua kichwa.
"Rangi nzuri," akasema.
Akanipa spana namba kumi na kipande cha msasa
kilichochakaa hadi kikawa kitambaa.
Tochi akaishika yeye.

Nikasugua. Krimu, kisha kijivu, kisha duara la chuma
dogo kuliko senti.
Waya. Bolti. Grisi kidogo, kutu isipate mlango.
Akaenda mbele, akaketi, akakanyaga breki,
na ukuta wa mbao ukawa mwekundu,
na mikono yangu ikawa myekundu.

"Kushoto?" akaita.
"Inawaka."
"Nani aliyepaka ile rangi?"
"Mimi."
"Kulia?"
"Inawaka."