Kitufe cha Sita

Alhamisi, Leicester. Kabla sijavua koti lenye manyunyu
nawasha kompyuta ya nne, ile iliyo karibu na kipasha joto,
nafungua Mipangilio, kisha Lugha,
nashuka na orodha kama ashukaye ngazi za ghala:
Kiaislandi, Kibretoni, Kigalisia,
hadi Kigujarati.
Naongeza. Nangoja kiduara kichoke kuzunguka.

Kila usiku saa mbili mashine hizi huoshwa.
Ni amri ya halmashauri: kilichoongezwa kifutwe,
asubuhi ziamke zinajua Kiingereza tu,
kile chenye alama ya pauni juu ya tatu.
Nimewaandikia mafundi wa makao makuu mara mbili.
Mmoja akajibu: wanaohitaji ni wangapi?
Nikatazama dirishani:
duka la sari, la dhahabu, la bangili, foleni ya jalebi
inayopinda hadi kituo cha basi.
Nikakosa pa kuanzia kuhesabu.

Saa nne na robo Bi Nirmala anaingia
na mfuko wa majani ya uwatu.
Kazaliwa Lindi, mwaka asioupenda kuutaja.
Kiswahili chake ni cha dukani, cha kupima kwa pishi,
na huniita "fundi" kwa sauti
hadi wasoma magazeti wanageuka.

Miaka hamsini fomu za nchi hii zimemwandika
kwa L nyepesi, ya ncha ya ulimi.
"Siyo hiyo," aliniambia siku ya kwanza.
"Ukunje ulimi, urudishe nyuma, ugonge paa."
Nikajaribu. Nikatoa sauti ya mtu aliyepaliwa na karanga.
Alicheka akashika meza.

V, anabonyeza, na ન inatokea.
F, na irabu inaruka mbele ya aliyeitangulia
kama mtoto apenyaye foleni, hakemewi.
J, halafu D, alama ya kukata pumzi:
ર inanyamaza, inasubiri,
C inapofika inampanda mwenzake kichwani
na kubaki huko kama ndoana.
Kisha anashikilia kitufe cha herufi kubwa
kwa kidole chenye plasta,
anatafuta, anatafuta,
N.

ળ

E ya kumalizia.

નિર્મળા

Haongei. Anasogeza kiti mbele, anavua miwani, anaivaa.

Mimi lugha yangu inapanga humu humu,
haikudai kitufe hata kimoja,
na bado kila neno ninaloandika hupigiwa mstari mwekundu
kama daftari la mtoto mzembe.
Nikaona wivu kidogo. Nikajitia kupanga karatasi.

Wala siyo wosia anaouandika, wala barua kwa marehemu.
Ni tangazo la kuuza cherehani,
ya kukanyaga kwa miguu, mkanda mpya,
litabandikwa kwa muuza mboga.
Mstari baada ya mstari, kidole kimoja,
mpaka anafika kwenye bei na kukwama.
"Fundi, pauni imekwenda wapi?"
Anabonyeza tatu, na juu yake sasa kuna kitu kingine kabisa,
mkia wa herufi usio na mwili.

Basi tunarudi Kiingereza kwa ajili ya hela tu.
Nauliza niandike ngapi.
"Arobaini," ananong'ona,
"lakini weka hamsini na tano.
Watu wa mtaa huu nawajua."