Mwaka wa Pili, Wodi ya Tatu

Waliponifunza moyo, walinipa moyo mkononi,
mzito, wa kijivu, unanuka dawa ya maiti.
Waliponifunza ini, nililikata vipande.
Sasa wananifunza huzuni
na meza ni tupu.

Tramu ilinishusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Łódź ilikuwa giza bado, theluji imegeuka uji mweusi kandoni mwa reli.
Nilivaa koti jeupe, vifungo vyote.
Daktari Halszka akanitazama toka kola hadi viatu:
"Livue, Jagna. Humu hatumwagi damu."
Nikalivua. Sikujua mikono niiweke wapi.

Mgonjwa wangu wa kwanza: Bwana Zenobiusz, miaka sabini na minne,
mfumaji kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa.
Anasikia mitambo. Usiku kucha,
taraka-taka, taraka-taka,
na mitambo iliuzwa chuma chakavu zaidi ya miaka thelathini iliyopita.
Nikamuuliza maswali yote ishirini na moja, kwa mpangilio,
kama karani wa sensa mwenye mvua mgongoni:
Unalala? Unakula? Umewahi kutamani kufa?
Akajibu: kidogo, kidogo, jana.
Nikaandika *jana*.
Nikaenda swali la nne.

Halszka alisubiri mpaka tukafika ukumbini.
Hakunigombeza. Angenigombeza, ningelala usiku ule.
"Amekuambia jana," akasema,
"nawe ukageuza ukurasa."

Mama huwaambia majirani kwamba natibu neva.
Neva wanazielewa; neva zina heshima zake, kama meno.
Gniewko, tuliyekaa naye benchi moja miaka sita,
amekwenda kwenye mifupa.
"Mfupa ukivunjika," hunitania, "unaonekana."
Mafunzo haya ni miaka mitano. Hadi sasa nimejua
kiwango cha lithiamu kwenye damu,
majina ya walinzi wote, na mke wa nani kajifungua,
mlango upi komeo lake liko upande wa ndani,
na namna ya kulia chooni kwa dakika nne
kabla simu haijaita.

Zamu ya usiku, saa tisa.
Bomba la joto linagonga ukutani.
Nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda,
shingo kaipinda kushoto, kama mtu anayeitwa.
Fomu niliiacha kwa wauguzi.
"Leo inafuma nini?" nikauliza.

Kimya.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, hunena watu,
ila hawasemi mshindo huchukua muda gani kufika.
Mshale wa saa ya ukutani ulizunguka mara saba.
Mguu ukafa ganzi. Ulimi ukawasha, unataka kusaidia;
nikauuma.

"Wa kulia ni wangu," akasema.
"Wa kushoto ni wa Bogusia.
Ametoka mara moja kunywa maji.
Namwangalizia mpaka arudi.
Uzi ukikatika, watamkata mshahara."

Kwenye faili, ukurasa wa pili: *mgane, tangu Februari.*
Neno hilo nililisoma mara tatu
kama mtu asomavyo anwani ya nyumba asiyokusudia kwenda.

Sikumwambia mitambo haipo.
Sikumwambia ipo.
Asubuhi tutapandisha dozi, robo kidonge,
Halszka atauliza kwa nini, nami nitakuwa na jibu
la mstari mmoja na nusu. Huenda akalikubali.
Mikono yangu ilikuwa mapajani;
sijui ilifika hapo saa ngapi.

Nikasogeza kiti. Kikakwaruza sakafu, mgonjwa wa pili akaguna usingizini.
"Bwana Zenobiusz," nikasema,
"siku ile ya kwanza uliniambia *jana*.
Sikuuliza.
Nauliza sasa."