Pini Nne za Bi Swabra

Bi Swabra alinisimamisha mbele ya kioo cha cherehani,
akachoma pini nne kiunoni, mbili huku, mbili huku,
akasema na nyingine zimo mdomoni:
"Mwanakombo, nguo haina kosa.
Sishoni. Naacha pini.
Uzi ni wa kukaa, pini ni ya kwenda na kurudi."

Homa ya matumbo ilihama mwezi wa tatu
na hamu yangu ya kula,
kama mpangaji aliyeondoka na funguo.

Kibokoni mtu hakondi peke yake.
Kila baraza ina daktari wake.
Mmoja aliniletea vidonge ndani ya gazeti,
havina jina, havina kopo:
"Wiki mbili tu, utajaa hadi mashavu."
Nilivitia katika kikombe kisicho mkono.
Vingali humo.

Muuguzi wa Tudor alinipima damu, akanipa daftari.
"Usipigane na sahani," akasema,
"sahani kubwa itakushinda. Anza na kisosi.
Kila saa tatu, hamu ije isije.
Na chai ifuate chakula, isikitangulie,
chai hujaza tumbo ikaliacha na njaa."

Basi kisosi.
Nusu ya hamri, mbaazi vijiko vitatu, tui zito.
Saa nne yai.
Ndizi mbivu nimeiponda kwa maziwa na njugu za kusaga.
Changu wa kupaka, ubavu mmoja,
wifi yangu akinitolea miba kama mtoto.
Tende kwenye mkoba, moja kila kona,
Marikiti kwenda, Marikiti kurudi.

Daftari halidanganyi:
*Jumanne, uji nimemwaga kwa siri.*
*Shahidi: paka wa jirani.*
*Jumatano, nimelia juu ya wali.*
*Alhamisi, nusu hamri. Yote.*

Mizani ya duka la dawa, Makadara, shilingi kumi.
Arubaini na moja.
Wiki ya pili, arubaini na moja.
Ya tatu, arubaini na moja na nusu,
nikauliza kama nusu ile si ya viatu.
"Vua," akasema mwenye duka.
Nikavua.
Nusu ikabaki.

Kisha usiku mmoja, saa nane,
nikasikia mtu anagonga.
Nikaketi kitandani. Nani saa hizi?
Kumbe si mlangoni.
Kulikuwa na viazi vya nazi, vimeganda sufuriani.
Nilivila nimesimama, gizani, kwa vidole,
kisosi kimelala kabatini,
na sikuandika popote.

Leo nimerudi kwa Bi Swabra.
Amenizunguka mara mbili, hakusema neno.
Akachomoa pini moja,
akaibana midomoni
ili asicheke.