Saa Moja ya Aili

Utsjoki, Desemba. Jua limeaga tangu Novemba
wala halikusema litarudi lini.
Sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu macheo,
huku saa moja tuianzie wapi?

Nilimuuliza Aili. Alikuwa akikoroga uji wa shayiri,
mwanga wa taa ukimlamba shavu.
"Siku yangu huanza nikishamshukuru Mungu.
Kabla ya hapo ni giza tu."

Kisha akavaa buti.
Kuni za Jouni, jirani mwenye goti bovu: mizigo miwili.
Simu kwa dada yake, walionuniana miaka minne
kwa shoka la marehemu baba.
Iliita, iliita, haikupokewa.
"Nitapiga tena leo," akasema.
Kesho, huku, haina jogoo wa kuitangaza.

Alasiri alikaa bure kabisa, mikono mapajani,
akitazama theluji. Nikadhani amechoka.
"Na hii pia ni Yake," akaninong'oneza.

Usiku, au tuseme giza lilelile,
simu ikalia.
Aili akajifuta unga kwenye aproni,
akapokea, asiseme neno kwanza.
Nikatazama ukutani.
Kwa hesabu ya kwetu,
ilikuwa saa moja kamili.